Nani Humwuliza Waziri? Bunge, Adhabu na Haki ya Mwananchi wa Mpakani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi wa Sekta ya Gikundamvura, Wilaya ya Rusizi, katika mkutano uliofuata kazi za umuganda)

 

Tunazungumza kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba lugha hii imekuwa lugha rasmi ya nchi yetu tangu mwaka 2017. Ya pili ni mahali tulipo. Mto Ruhwa uko karibu, na si mbali kutoka hapa mto huo huingia Rusizi, mahali ambapo Rwanda, Burundi na Kongo hukutana. Katika uwanda huu wa Bugarama hakuna familia isiyo na shemeji au mteja wa upande wa pili. Kiswahili ndiyo lugha inayotuwezesha kusikilizana sote.

Katika mikutano yetu ya kila mara kuna swali moja ambalo hatulikosi. Huulizwa kwa upole na wazee, na kwa hasira na vijana: “Mwizi tulimkamata Jumatatu, tukamleta kwenu mikono mitupu na ng’ombe akiwa ushahidi. Mbona Ijumaa tumemwona sokoni?” Baada yake huja la pili: “Sheria hizi alizitunga nani, na nani anamwuliza aliyezitunga?”

Swali la kwanza tumelijibu mara nyingi. Leo tumekusudia kulijibu la pili, kwa kuwa tunaona ndilo lenye mzizi. Mwananchi asiyejua sheria inaulizwa wapi huishia kufanya moja ya mambo mawili. Ama hunyamaza, asilete tena habari kituoni. Ama huchukua fimbo na kuhukumu mwenyewe njiani. Yote mawili tumeyaona katika kazi yetu, na yote mawili huacha kilio nyuma yake.

Kwanza, tuelewane kuhusu mgawanyo wa kazi

Polisi ya Taifa ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 2000, kazi yake ni kulinda usalama, kuzuia uhalifu na kumkamata anayeshukiwa. Upelelezi wa makosa ya jinai, tangu mwaka 2017, umekabidhiwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, ile mnayoiita RIB. Baada ya RIB, faili huenda kwa Mwendesha Mashtaka. Baada ya Mwendesha Mashtaka ni mahakama. Baada ya mahakama, aliyehukumiwa kifungo hupokelewa na Huduma ya Magereza, RCS.

Kila mlango katika safari hiyo una muda wake. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya mwaka 2019 inampa mpelelezi siku zisizozidi 5 za kumshikilia mtuhumiwa, na Mwendesha Mashtaka siku 5 nyingine za kuamua kama kuna kesi ya kupeleka mbele ya jaji. Jaji ndiye anayeweza kuamuru ashikiliwe siku 30 kwa muda, au aachwe afuatiliwe akiwa nje. Kwa hiyo mtu mnayemwona sokoni Ijumaa huenda hajasamehewa na mtu yeyote. Huenda kesi yake inaendelea naye yuko nje. Huenda pia ushahidi haukutosha, kwa sababu waliomwona usiku ule walikataa kuandikisha maelezo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye adhabu yenyewe. Sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018, iliyorekebishwa Desemba 2023, inasema wizi wa kawaida huadhibiwa kwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 2, faini ya faranga 1,000,000 hadi 2,000,000, na kazi za manufaa kwa jamii kwa miezi 6, au moja tu kati ya adhabu hizo. Ukitendwa usiku, au na watu zaidi ya mmoja, au kwa kuvunja nyumba, adhabu huongezwa mara mbili. Wapo wanaosema ni kidogo. Wapo wanaosema ni nyingi kwa kijana aliyeiba kuku. Jambo la kukumbuka ni kwamba hesabu hiyo haikuandikwa na askari, wala hakimu wa Rusizi hakuibuni. Iliandikwa katika muswada, ikatetewa na Waziri, ikaulizwa na wabunge, ikapigiwa kura, ikatangazwa katika Gazeti Rasmi.

Bunge letu na njia zake za kuuliza

Bunge la Rwanda lina mabaraza mawili. Baraza la Wabunge lina wajumbe 80. Na Seneti ina wajumbe 26. Katika uchaguzi wa Julai 2024, wanawake walipata viti 51 kati ya 80 vya Baraza la Wabunge. Tunalitaja hilo kwa sababu maswali kuhusu ubakaji, ukatili wa nyumbani na mimba za watoto hayawezi tena kusemwa kuwa ni maneno ya akina mama pembeni. Yako katikati ya ukumbi.

Katika nchi yetu mtu hawezi kuwa Waziri na mbunge kwa wakati mmoja. Waziri anapoingia Bungeni kuulizwa, anakuja kama mtu aliyeitwa kutoa hesabu, si kama mwenye kiti humo. Katiba inawapa wabunge njia kadhaa za kumwita.

Njia ya kwanza ni swali la maandishi. Mbunge huandika, Serikali hujibu kwa maandishi. Njia hii haina kelele, lakini hubaki kwenye kumbukumbu, na inafaa pale mbunge anapotaka takwimu: kesi ngapi zimefunguliwa, ngapi zimehukumiwa, wafungwa wangapi wanasubiri hukumu.

Ya pili ni swali la mdomo. Waziri husimama mbele ya kikao na kujibu, na wabunge humfuatilia kwa maswali ya nyongeza. Swali likigusa Serikali nzima au wizara nyingi, Waziri Mkuu ndiye mwenye wajibu wa kulijibu, yeye mwenyewe au kwa kupitia Mawaziri wanaohusika.

Ya tatu ni kamati. Huko ndiko kazi ndefu hufanyika. Muswada wa sheria ya adhabu hupitiwa kifungu kwa kifungu, na Waziri au wataalamu wake hukaa upande wa pili wa meza wakieleza kwa nini wameandika miaka 2 na si 5, kwa nini faini ni hii na si ile.

Ya nne ni tume ya uchunguzi, pale ambapo majibu ya mdomo hayatoshi na wabunge wanataka kwenda kuona wenyewe.

Ya tano ni ile nzito zaidi: kumtaka Waziri ajieleze rasmi mbele ya Baraza la Wabunge, jambo linaloweza kufuatwa na kura ya kutokuwa na imani naye. Hoja ya namna hiyo dhidi ya Waziri mmoja haipokelewi mpaka isainiwe na angalau moja ya tano ya wabunge, yaani watu 16 kati ya 80. Dhidi ya Serikali nzima huhitaji theluthi moja. Kura hupigwa kwa siri baada ya saa zisizopungua 48 tangu hoja kuwasilishwa, na hupita kwa theluthi mbili. Waziri aliyeshindwa katika kura hiyo hana budi kujiuzulu. Seneti inaweza kuuliza maswali na kuunda tume, lakini haina uwezo wa kuanzisha hatua hii ya mwisho.

Kuhusu jinai na adhabu, wanaoitwa zaidi ni wawili. Wa kwanza ni Waziri wa Sheria, ambaye pia ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Huyu huulizwa kuhusu sheria yenyewe na sera ya adhabu. Wa pili ni Waziri wa Mambo ya Ndani, wizara iliyorejeshwa Desemba 2021. Huyu huulizwa kuhusu sisi polisi, na kuhusu magereza. Tunasema waziwazi: tunapofanya kazi vibaya, yuko mtu anayesimama Bungeni kuulizwa kwa niaba yetu, na swali hilo hushuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye kituo husika.

Jambo moja wabunge hawawezi kulifanya, nasi tungependa lieleweke. Hawawezi kumwita Waziri na kumwambia, “Mfunge fulani,” au “Mwachie fulani.” Jaji ni huru. Mbunge huuliza juu ya sheria inayowahusu watu wote; haulizi ili abadilishe hukumu ya mtu mmoja. Hukumu ya mtu mmoja hubadilishwa kwa rufaa mahakamani.

Mambo matatu yanayoonyesha kwamba maswali huzaa matunda

Kuna anayeweza kusema, “Hayo ni maneno ya Kigali. Sisi huku yanatusaidia nini?” Tuchukue mambo matatu ya nchi yetu wenyewe.

La kwanza ni adhabu ya kifo. Mara ya mwisho adhabu hiyo kutekelezwa nchini mwetu ilikuwa tarehe 24 Aprili 1998, watu 22 walipopigwa risasi kwa makosa ya mauaji ya kimbari. Miaka tisa baadaye, Julai 2007, sheria ya kuifuta ilitangazwa, wakati Tharcisse Karugarama akiwa Waziri wa Sheria. Fikirini uzito wa swali lililokuwa mezani, miaka 13 tu baada ya mauaji yaliyomaliza familia nzima nzima: je, aliyeua aachwe hai? Upande mwingine wa mizani kulikuwa na jambo jingine. Mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, pamoja na nchi nyingi, zisingeweza kutuletea watuhumiwa iwapo walikuwa hatarini kuuawa kwa hukumu. Kuishika adhabu ya kifo kulimaanisha watu hao wasihukumiwe kamwe mbele ya macho ya Wanyarwanda. Adhabu ilifutwa, ikawekwa ya kifungo cha maisha. Mwezi Aprili 2012 Jean Uwinkindi akawa mtuhumiwa wa kwanza kuhamishwa kutoka Arusha kuja kuhukumiwa hapa. Adhabu iliyopunguzwa katika maandishi ndiyo iliyoleta kesi mbele ya jaji.

La pili linagusa watoto wetu. Sheria ya mwaka 2018 inamwadhibu anayemnajisi mtoto kwa kifungo cha miaka 20 hadi 25, na kifungo cha maisha mtoto akiwa chini ya miaka 14. Ndani ya kifungu hicho, kifungu cha 133, paliandikwa pia kwamba katika hali fulani kifungo cha maisha hakiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunapingana na Katiba, kwa kuwa jaji lazima aweze kupima mazingira ya kila kesi. Tazameni basi: sheria ilipita Bungeni, mwananchi akaihoji mahakamani, mahakama ikatoa uamuzi. Milango ya kuuliza ni zaidi ya mmoja.

Kwetu mpakani jambo hili lina uchungu wake. Tunajua, na ninyi mnajua kuliko sisi, kwamba msichana wa miaka 15 akipata mimba, wazee wa pande mbili hukutana usiku. Huzungumza ng’ombe au fedha. Kijana huvuka mto, au mwanamume mwenye mke wake hubaki palepale kijijini akisalimiwa kama jana. Wengine husema wazi: “Tukimpeleka atafungwa miaka 20, na nani atamlisha huyu mtoto atakayezaliwa?” Ndiyo maana mbunge makini hamwulizi Waziri swali la miaka mingapi peke yake. Humwuliza pia: katika kila visa vilivyotokea, vingapi vilifika RIB? Vilivyofika, vingapi vilifika kwa jaji? Msichana alipata wapi matibabu na ushauri? Alirudi shuleni? Adhabu kali ambayo haifikiwi haimlindi mtoto yeyote. Kesi ikifichwa nyumbani, Waziri hana cha kujibu na mbunge hana cha kuuliza, kwa sababu katika daftari la taifa mtoto huyo hakuwahi kudhulumiwa.

La tatu ni magereza. Katika miaka ya karibuni nchi yetu imekuwa na wafungwa na mahabusu zaidi ya 80,000, wengi kuliko nafasi zilizopo. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu hutembelea magereza na kuwasilisha ripoti yake Bungeni kila mwaka, na msongamano umetajwa humo tena na tena. Gereza la Muhanga liliwahi kuonekana lina watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Ripoti ya namna hiyo ndiyo silaha ya mbunge. Anapokuwa nayo mkononi hasemi “nimesikia”. Anasema “imeandikwa”, na Waziri analazimika kueleza atafanya nini.

Septemba 2022, Emmanuel Ugirashebuja akiwa Waziri wa Sheria, Baraza la Mawaziri liliidhinisha sera mpya ya haki jinai, pamoja na sera ya kutatua migogoro kwa njia nyingine zisizo za kesi. Mwezi uliofuata yakaanza, kwa majaribio katika mahakama tano za kati, makubaliano ya kukiri kosa: mshtakiwa anakubali kosa mapema, anasema ukweli wote, naye hupata nafuu ya adhabu kwa idhini ya jaji. Kazi za manufaa kwa jamii nazo si ngeni kwetu. Wengi wenu mnaikumbuka TIG, wafungwa wa kesi za Gacaca wakichonga matuta na kujenga nyumba. Gacaca zilifungwa Juni 2012, lakini fundisho lake bado lipo: kuna adhabu ambayo hulipa deni kwa jasho, mbele ya macho ya waliokosewa.

Hapa wabunge wana maswali mawili yanayovutana, na yote ni ya haki. Mmoja anauliza: “Mheshimiwa Waziri, kwa nini wezi wanarudi vijijini upesi?” Mwingine anauliza: “Mheshimiwa Waziri, kwa nini magereza yamejaa watu wa makosa madogo?” Waziri akimjibu wa kwanza tu, magereza yatapasuka. Akimjibu wa pili tu, mkulima wa mpunga wa Bugarama atalala nje akilinda mavuno yake. Sera nzuri ni ile inayoweza kuwatazama wote wawili machoni.

Majirani zetu hufanyaje

Haya si ya Rwanda peke yake. Nchini Tanzania Mawaziri ni wabunge, na vikao vya Bunge mjini Dodoma huanza kwa kipindi cha maswali na majibu. Siku ya Alhamisi hutengwa nafasi ya kumwuliza Waziri Mkuu papo kwa papo. Kenya, baada ya Katiba ya mwaka 2010, Mawaziri waliacha kuwa wabunge, na kwa miaka mingi walihojiwa kwenye kamati tu. Tangu mwaka 2023 wamekuwa wakiitwa pia mbele ya ukumbi mzima. Huko Kenya vilevile, mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jaji hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji bila kupima mazingira. Mnaona mnavyofanana na uamuzi wa hapa wa mwaka 2019. Burundi nayo iliifuta adhabu ya kifo mwaka 2009. Kila nchi ina njia yake, lakini swali ni lilelile: anayeadhibu kwa jina la wananchi atoe hesabu kwa wananchi.

Ninyi wa Gikundamvura mna nafasi gani?

Katika Kinyarwanda tunatumia neno moja, inteko, kwa mikutano miwili. Inteko ya wananchi ni huu mkutano wa kijiji ambamo mnamwuliza kiongozi wa akagari kuhusu maji, barabara na ulinzi wa usiku. Inteko Ishinga Amategeko ni Bunge. Neno ni moja kwa sababu kazi ni moja. Mtu aliyezoea kuuliza vizuri hapa kijijini anajua tayari mbunge anafanya nini Kigali. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tunaongeza tu kwamba kuna namna ya kuuliza.

Swali linalosafiri mbali lina mambo manne: limetokea nini, lini, wapi, na ninyi mlifanya nini baada ya hapo. “Wezi wamezidi” ni kilio, nasi tunakiheshimu, lakini Waziri akiulizwa hivyo atajibu kwa maneno ya jumla. Swali kama hili ni jingine kabisa: “Katika kijiji chetu, msimu huu wa mavuno, ng’ombe watatu waliibiwa usiku, kesi zote tulizipeleka, washukiwa wawili waliachwa, hatujaelezwa kesi zimefikia wapi. Je, sheria inamtaka nani atujulishe?” Hilo mbunge anaweza kulibeba kama lilivyo. Tumelitoa kama mfano tu, lakini ninyi mnayo ya kweli.

Mlango wa kulipitishia upo. Semeni katika mkutano wa kijiji na liandikwe. Wabunge na maseneta hutembelea wilaya na sekta. Wanapokuja msiwapokee kwa nyimbo peke yake. Mnaweza kuwaandikia barua. Mwenye kuhitaji ushauri wa sheria bila malipo aende katika ofisi ya MAJ wilayani. Mwenye malalamiko ya kuonewa na kiongozi au askari anaweza kwenda kwa Mchunguzi Mkuu wa malalamiko ya wananchi, Umuvunyi, au kwa Tume ya Haki za Binadamu. Tunasema hivi tukiwa polisi, na hatuoni aibu: askari mwenye kazi safi haogopi kuulizwa.

Migogoro ya mipaka ya mashamba na madeni pelekeni kwa Abunzi. Lakini unajisi, ubakaji, kumpiga mke au mume, hayo ni makosa ya jinai. Hayasuluhishwi chini ya mti, wala ng’ombe hawezi kuyafuta. Pigeni 112 kwa polisi, 166 kwa RIB, au 3512 kwa ukatili wa kijinsia. Simu hizo hazitozwi. Nguo za mtoto msizifue. Mpelekeni Isange One Stop Center hospitalini upesi, kwa kuwa ushahidi unaopotea katika siku ya kwanza haurudishwi na swali la mbunge yeyote.

Kwa ndugu zetu wenye uraia wa Burundi au Kongo wanaoishi au kufanya biashara hapa: sheria ya Rwanda inawahusu mkiwa katika ardhi yake, katika kuadhibiwa na katika kulindwa pia. Aliyeibiwa ni aliyeibiwa. Asiyejua Kinyarwanda ana haki ya kuelezwa kosa analotuhumiwa kwa lugha anayoielewa. Msiogope kuja kituoni.

Mwisho ni kuhusu fimbo. Anayempiga mwizi mpaka afe hakumaliza wizi. Ameongeza mauaji juu yake. Nasi tutalazimika kumkamata mtu ambaye jana alikuwa mlalamikaji. Mkimkamata mshukiwa, mleteni akiwa mzima, na mashahidi waje naye waandikishe maelezo. Akiachwa nanyi hamkuridhika, rudini mwulize kwa nini. Jibu lisipotosha, ulizeni ngazi ya juu, mpaka swali lenu lifike mahali ambapo Waziri husimama na kulijibu. Ni safari ndefu, tunakubali. Hata hivyo, adhabu ya kifo ilifutwa kwa kuulizwa, na sheria ya mwaka 2018 iliguswa kwa kuulizwa. Hakuna sababu ya swali la Gikundamvura kuishia njiani.

 Sasa ni zamu yenu, karibuni muulize.